Kutoa Miche ya Violeti kwa Jani: Ushauri kwa Wapenda Maua wa Goma

Wako watu wengi mjini Goma wanaopenda maua, na wachache kati yao wenye mahali pa kuyapanda; kwani ardhi ya mji huu, kwa sehemu kubwa, ni mwamba mweusi uliomiminwa na Nyiragongo, na mwenye nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mwamba huo hawezi kuchimba shimo la mche mmoja pasipo nyundo na jasho. Kwa mtu wa hali hiyo, ua linaloishi umri wake wote ndani ya kopo dogo, dirishani, bila kutaka shamba wala jua kali, ni neema. Na ua la namna hiyo ni violeti ya Usambara, ambayo wasemao Kifaransa huiita saintpaulia. Fauka ya hayo, haina haja ya kununuliwa mara mbili, maana jani lake moja, likikatwa na kuchomekwa penye unyevu wa kadiri, hutoa mizizi, kisha miche miwili, mitatu au zaidi, na kila mche hukua ukawa mmea kamili. Makusudio ya makala haya ni kueleza jinsi kazi hiyo ifanyikavyo kwa vitu vipatikanavyo hapa kwetu, na kuonyesha kwa nini majani mengi hufia mikononi mwa watu wenye nia njema: aghalabu huuawa na wingi, yaani wingi wa maji, wingi wa jua na wingi wa haraka.

Tabia ya mmea humwelea zaidi ajuaye asili yake. Violeti hizi ni wenyeji wa misitu ya mashariki mwa Afrika: milima ya Usambara, Nguru na Uluguru nchini Tanzania, na kwa upande wa Kenya, misitu ya Taita na majabali ya chokaa yaliyo nyuma ya pwani ya Kilifi. Mwaka 1892, zama za utawala wa Wadachi, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga, aliupeleka mmea huu kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akaupa jina la kitaalamu, Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya ukoo huo. Jina hilo wataalamu wa mimea walilibadili mwaka 2015 walipouingiza katika jenasi ya Streptocarpus. Kutoka Ulaya ulivuka bahari mpaka Marekani, ambako katika miaka ya 1920 kampuni ya Armacost & Royston ya Los Angeles ilichagua aina kumi bora miongoni mwa miche mingi iliyooteshwa kwa mbegu, na mwaka 1946 wapenzi wake wakaunda chama chao. Basi violeti inayoonekana dirishani Goma, ingawa ni mwana wa Afrika, yumkini ni uzao wa wazee waliokwenda ng'ambo na kurudi wakiwa na rangi nyingi ambazo msitu wa Usambara haukuzijua.

Lakini rangi zilibadilika, tabia hazikubadilika. Huko kwao violeti hukaa juu ya miamba, katika nyufa zenye mboji kidogo, chini ya kivuli cha miti mikubwa, mahali penye ukungu na hewa inayotembea. Mizizi yake ni myembamba na mifupi. Hunyweshwa mara kwa mara, lakini maji hayo hayatuami, bali huteremka kwenye jiwe yakaacha unyevu na nafasi ya hewa. Nuru huifikia, ila imechujwa na majani ya miti. Joto lake ni la wastani, halichomi wala haligandishi. Kila kanuni itakayotajwa humu imetoka katika hali hiyo, na msomaji atakayesahau kanuni moja aweza kuipata tena kwa kujiuliza jinsi ambavyo ingekuwa katika ufa wa jabali lenye kivuli.

Kwa bahati njema, Goma imepewa sehemu kubwa ya mambo hayo bila gharama. Mji uko katika kimo cha mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana joto huwa karibu na nyuzi 25, na usiku hushuka hadi karibu na nyuzi 15. Jani lililokatwa hutoa mizizi upesi zaidi katika joto la nyuzi 20 hadi 25, kwa hiyo baridi ya usiku ndiyo ya kuangaliwa: kopo lisiachwe barazani, wala lisiegemee ukuta wa mbao wenye mwanya unaopitisha upepo wa alfajiri. Kadhalika lisiwekwe kwenye rafu ya juu chini ya bati lisilo na dari, ambako joto la adhuhuri hupanda kupita kiasi. Kati ya baridi ya ukuta na moto wa bati, meza ya katikati ya chumba, isiyo mbali na dirisha, ndiyo mahali pa salama.

Kuhusu nuru, wakazi wa Goma wasifuate kwa upofu vitabu vilivyoandikwa Ulaya, vinavyosifu dirisha la upande huu na kulaumu la upande ule. Kwani mji wetu uko chini ya nyuzi mbili kusini mwa ikweta, na jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, likielekea kidogo kaskazini mnamo Juni na kidogo kusini mnamo Disemba. Kwetu sisi, madirisha ya kaskazini na ya kusini yote mawili hufaa, maadamu paa lina upenu wa kutosha kukinga jua la mchana. Dirisha la mashariki hufaa pia, ikiwa jua la asubuhi litazuiwa na pazia jembamba baada ya saa mbili. Dirisha la magharibi ni la kuogopwa, kwa sababu jua la alasiri hukuta chumba kimekwisha kupata joto. Kipimo kilicho rahisi ni kivuli cha mkono: uweke mkono kati ya dirisha na jani, kivuli kikionekana kwa ukungu, nuru ni ya kadiri, kikiwa na mipaka mikali, nuru ni kali, kisipoonekana kabisa, jani litakaa bila kuoza na bila kuzaa.

Sasa tuje kwenye jani lenyewe. Violeti hupanga majani yake kwa duara, duara juu ya duara, na yale ya nje ndiyo wazee, ya katikati kabisa ndiyo watoto. Wazee wamechoka, na wengi wao huoza kabla ya kutoa mizizi. Watoto bado wana kazi ya kujikuza wenyewe, na kuwaondoa ni kuudhuru moyo wa mmea. Lifaalo ni jani la duara la pili au la tatu kutoka nje, lililokomaa, gumu kidogo, lisilo na doa wala mchubuko. Mmea ulionyweshwa maji jana hutoa jani lililoshiba. Mmea uliosinyaa kwa kiu hutoa jani ambalo tangu mwanzo halina akiba ya safari. Ukiwa mgeni katika nyumba ya mwenye violeti, omba jani moja au mawili kwa adabu, wala usione haya, kwa maana kuondoa majani machache ya chini hakuudhuru mmea uliokomaa.

Jani huvunjwa kwa kulisukuma upande mpaka likatike karibu na shina, bila kuacha kipande kitakachooza. Kisha kikonyo hukatwa tena kwa wembe mpya au uliopitishwa motoni na kupozwa, kikabaki na urefu wa sentimita 3 hivi. Ukato uwe wa mshazari, na uso wake uelekee upande ule ule ambao uso wa juu wa jani unaelekea. Faida ya mshazari ni kuzidisha eneo la kutolea mizizi, na faida ya mwelekeo huo ni kwamba miche itachomoza mbele ya jani, kwenye nuru, badala ya kujificha mgongoni mwake. Mkasi butu usitumike, kwa kuwa huponda kikonyo, na nyama iliyopondwa ndiyo mlango wa ukungu. Jani likiwa kubwa sana, sehemu yake ya juu, kiasi cha theluthi, yaweza kukatwa: hilo hupunguza maji yanayopotea hewani, tena hulizuia jani lisiendelee kujikuza lenyewe likasahau kuzaa. Baada ya kukata, uliache mezani robo saa au nusu saa ili jeraha likauke kidogo.

Katika nchi nyingine watu hununua michanganyiko ya udongo ya kila namna kwa ajili ya kupandia. Mkazi wa Goma anakanyaga kitu bora kila siku. Mawe mepesi ya volkano, yale yenye vitundu vingi, yakipondwa na kuchekechwa hadi yawe chembe za ukubwa wa punje za mtama, hushika unyevu ndani ya vitundu na kuacha hewa baina ya chembe, jambo lile lile ambalo jiwe la Usambara huufanyia mmea. Chukua sehemu mbili za chembe hizo, sehemu moja ya mboji iliyooza vema na kuchekechwa, na konzi ndogo ya makaa yaliyopondwa. Vumbi laini litokalo katika kuponda liondolewe kwa kuosha, maana likibaki huziba nafasi za hewa na kuugeuza mchanganyiko kuwa tope. Kisha mimina maji yanayochemka juu ya mchanganyiko mara mbili, uyaache yachuruzike, na usubiri upoe kabisa. Moto huo huua mayai ya wadudu na mbegu za ukungu. Ni wajibu kuongeza onyo moja: mwenye kutafuta mawe asishuke katika mabonde na mashimo yaliyo magharibi mwa mji karibu na ziwa, hasa alfajiri wakati hewa imetulia, kwa sababu ndiko inakotuama mazuku, hewa nzito isiyo na harufu wala rangi, ambayo imekwisha kuua watu na wanyama. Mawe yako kila mahali. Hakuna haja ya kuyafuata penye hatari.

Chombo kisizidi haja. Kikombe cha plastiki, au sehemu ya chini ya chupa ya maji iliyokatwa, chenye matundu manne au matano chini, kinatosha. Kijaze mchanganyiko uliokwisha kuloweshwa na kuchuruzika, utoboe kishimo kwa kijiti, uchomeke kikonyo sentimita moja au moja na nusu tu, jani likiwa limeinama kidogo kuegemea ukingo, kisha ubane udongo kwa vidole bila nguvu. Wengi huzamisha kikonyo chote hadi jani liguse udongo, wakidhani kina ndicho uimara. Kumbe mche utokao chini sana hukawia kuiona nuru, na jani linalogusa unyevu huoza. Andika tarehe na rangi ya ua kwenye ubavu wa kikombe, kwa sababu majani hufanana na kumbukumbu hukosea. Halafu funika kikombe kwa mfuko wa plastiki unaopitisha nuru, uinuliwe na vijiti usigusane na jani, na kila siku mbili uufungue kwa muda ili hewa ibadilike. Matone machache ndani ya mfuko ni dalili njema. Maji yakitiririka kwenye kuta zake, unyevu umezidi, acha wazi siku nzima.

Hapa ndipo tunapofika kwenye maji, na kwenye suala la maji mji wa Goma una mambo yake. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi na magadi kupita yale ambayo violeti imezoea, na maji ya bomba ya Regideso aghalabu asili yake ni ziwa hilo hilo, yakiwa yameongezwa dawa ya klorini. Kwa mtu kunywa au kupikia ni jambo jingine. Kwa jani lisilo na mizizi, chumvi ikijikusanya katika kikombe kidogo huunguza kikonyo, na alama yake ni ukoko mweupe kwenye ukingo wa chombo. Maji ya mvua ndiyo bora, lakini nayo yana sharti: mvua inayopita katika moshi wa Nyiragongo huchukua tindikali na floridi, na matone ya kwanza huosha vumbi na majivu yaliyolala juu ya bati. Kwa hiyo acha mvua ioshe hewa na paa, kisha kinga maji yafuatayo katika chombo safi chenye kifuniko. Kikombe kimoja cha jani hakihitaji zaidi ya vijiko vichache kwa juma, hata bidoni moja iliyojazwa Mei yaweza kuhudumia vikombe vingi muda wote wa kiangazi cha Juni hadi Agosti. Asiye na maji ya mvua na achanganye kidogo aliyo nayo na ya bomba yaliyolala wazi usiku kucha, na baada ya miche kukomaa abadili udongo kila miezi sita.

Maji yasiwe baridi kuliko hewa ya chumba, wala yasimwagwe juu ya jani, kwani tone baridi kwenye malaika ya jani huacha doa la rangi ya njano lisilofutika. Weka kikombe ndani ya sahani yenye maji kidogo kwa nusu saa, kisha uyamwage yaliyobaki. Na usirudie mpaka uso wa udongo umepoteza weusi wa unyevu na kikombe kimekuwa chepesi mkononi. Mbolea haina kazi katika muda huu. Jani halina kinywa cha kuilia.

Wako wapendao kutumia glasi ya maji: hufunika mdomo wa glasi kwa karatasi, hutoboa tundu, na kupitisha kikonyo hadi ncha yake izame sentimita moja. Njia hiyo ina ladha yake, kwa kuwa mizizi huonekana kwa macho, na watoto wa nyumbani hujifunza mengi kwa kuitazama. Ila mizizi iliyozaliwa majini ni dhaifu, na ikihamishiwa udongoni huanza upya sehemu ya kazi yake. Atakayeichagua njia hii abadili maji kila juma na ahamishe jani mara mizizi ifikapo urefu wa sentimita moja, asingoje iwe mirefu.

Tangu siku ya kupanda, mizizi hutoka baada ya majuma matatu au manne, na miche huchomoza baada ya miezi miwili au mitatu. Katika vyumba vyenye baridi muda huzidi. Huu ndio wakati ambao majani mengi hupotea, kwa sababu jani limesimama tu, halionyeshi lolote, na mwenyewe hushawishika kulivuta atazame, au kuliongezea maji ili kulihimiza. Kulivuta ni kukata mizizi iliyo myembamba kuliko uzi. Maadamu jani ni gumu na la kijani, kazi inaendelea chini, na dawa yake ni kuliacha.

Miche ikifikia majani manne na upana wa sarafu kubwa, ni wakati wa kuitenganisha. Toa donge lote, ulilaze juu ya karatasi, na utenge kila mche na mizizi yake kwa vidole au ncha ya kijiti. Mche usio na mizizi usitupwe. Ufunike tena katika kikombe chake, huota. Kila mmoja upate kopo lake lenye upana wa sentimita 5 hivi, si zaidi, kwani katika kopo kubwa udongo hukaa na maji ambayo mizizi midogo haiwezi kuyanywa. Baada ya majuma mawili waweza kuanza mbolea ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Jani mama, likiwa bado zima, hukatwa kikonyo upya na kuchomekwa tena kwa uzao wa pili. Maua ya kwanza yatarajiwe miezi sita hadi tisa baada ya kutenganisha.

Miche ya jani hufanana na mama yake kwa umbo na rangi, tofauti na miche ya mbegu, ambayo huchanganya nasaba. Lakini iko aina moja inayovunja kanuni: violeti ambazo kila petali ina mstari wa rangi nyingine kutoka katikati hadi ncha. Jani la aina hiyo huzaa miche ya rangi moja tu, kwa sababu mstari huo hutokana na tabaka mbili za mwili zenye asili mbalimbali, na mche wa jani aghalabu hutokana na tabaka moja. Aitakaye aina hiyo aingojee itoe chipukizi pembeni mwa shina, alitenge hilo.

Ama kuhusu maradhi, kikonyo kikilegea na kuwa cheusi, kata hadi penye nyama ya kijani na uanze tena. Jani zima likiwa limelainika, litupwe na udongo wake. Pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani ni wadudu, nao huondolewa kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa katika spiriti. Mmea wowote uliotoka nyumba nyingine ukae peke yake mwezi mmoja kabla ya kujiunga na wenziwe. Siku ambazo hewa ya mji imejaa vumbi la barabara au majivu ya mlima, funga dirisha, na majani yafagiliwe kwa brashi laini na kavu, wala yasipanguswe kwa kitambaa kibichi, maana malaika ya jani hushika tope.

Limebaki jambo moja, nalo ni la busara kwa wakazi wa mji ulioona lava ikiingia mitaani mwaka 2002, na ambao Mei 2021 wengi wao walihama ndani ya saa chache wakielekea Sake, Rutshuru, Gisenyi na Bukavu. Anayeweka aina aipendayo katika dirisha moja ameiweka rehani. Jani, kwa upande wake, huweza kusafiri: likifungwa katika karatasi yenye unyevu kidogo na kuwekwa ndani ya mfuko wa plastiki usiobanwa, hukaa salama siku kadhaa, hata likifika Bukavu laweza kupandwa. Kwa hiyo kila utoapo miche, toa mmoja kwa jirani na mwingine kwa ndugu wa mji mwingine, umfundishe na kiasi cha maji. Ukipotelewa na wako, utakwenda kuomba jani la ua lako mwenyewe, na hutanyimwa.